Askari wa Mwili

Nianze kwa kujilaumu mwenyewe, maana hakuna atakayenilaumu vizuri kunishinda. Mdomo wangu hauna breki. Mume wangu Cleopas ananiambia hivyo tangu alipokuja kuniposa kwa baba, kule Makupa, Mombasa, na mimi humjibu kwamba kama alitaka mke bubu angetafuta kwingine. Lakini Jumatano ile ya mwaka sabini na saba, sokoni Kalerwe, huko kwa Waganda, mdomo huu ulikaribia kumuua mtu. Na mtu mwenyewe hakuwa amenikosea chochote.

Alikuwa Erinayo, bwana afya, Muganda mwembamba wa miaka thelathini hivi, shati jeupe siku zote, sijui sabuni aliipata wapi mwaka ule. Kila Jumatano asubuhi alikuja sokoni kuwafundisha kina mama. Surua ilikuwa imeingia mjini kwa fujo. Watoto waliokuwa wakicheza Jumapili, Ijumaa unasikia wanazikwa. Zahanati hazikuwa na dawa, maziwa ya unga yalikuwa hadithi, na Erinayo naye hakuwa na kitu mkononi ila maneno.

Basi alisimama kando ya meza yangu ya mboga, akaazima fungu langu la dodo, ule mchicha wa kule, na kilo ya karanga, akaanza. Mwili una askari wake, alisema. Wanakaa ndani ya damu, kazi yao ni kupigana na ugonjwa. Mtoto asipokula mboga, asipokula maharagwe na karanga, asipolala vya kutosha, askari hao wanachoka, na surua ikija inamkuta mtoto hana mlinzi. Mama, mnyonyeshe mtoto hata kama anaumwa. Chemsha maji. Huna sabuni? Nawa kwa majivu. Na msimnyime mgonjwa yai eti litamzidishia upele, huo ni uongo.

Nilipenda namna alivyosema. Hata mimi, niliyekuwa nikiuza dodo miaka tisa, sikujua kwamba ninauza chakula cha askari.

Tatizo lilikuwa Kiswahili chake. Wasikilizaji wake wengi walikuwa wake za polisi na wanajeshi kutoka kaskazini. Kiganda kwao kilikuwa kigumu, na Kiingereza ndiyo kabisa. Lugha ya kukutana ilikuwa Kiswahili. Na Erinayo, kama Waganda wengi, alikuwa na vita na herufi mbili, l na r. Alisema "habali" akimaanisha habari. Alisema "kalibuni". Ugonjwa wenyewe aliuita "sulua".

Sasa mimi nimekulia Makupa, kwenye nyumba za reli. Kiswahili nimekinywa na chai. Kila akikosea, mimi ha! Nilicheka mpaka nikashika meza. "Daktari, wewe! Sulua ndiyo nini? Mboga au mnyama?" Kina mama nao wanacheka. Yeye anatabasamu, anafuta jasho, anaendelea. Siku moja baada ya somo akaja, akaniambia kwa heshima kabisa, "Nnyabo, mama yangu, unanicheka kila wiki. Basi nifundishe."

Nikamfundisha. Wallahi nilimfundisha kama mtu anayelipwa. Nilimwambia aukunje ulimi, autetemeshe kama pikipiki inayokataa kuwaka. Rrrr. Alifanya mazoezi akitembea, akipanda baiskeli, akinawa mikono. Wiki ya tatu alikuja akasema "habari" safi kama mtu wa Mombasa, tukampigia makofi. Wiki ya nne ikawa balaa jingine. Alikuwa ameipenda hiyo herufi mpya hata akawa anaiweka kila mahali. Mtoto "arare" mapema. Mama, "rete" maji. "Chakura" bora. Nikacheka zaidi kuliko mwanzo. Ningekuwa na akili ningemwambia pale pale, daktari, punguza. Sikumwambia. Ilikuwa inanifurahisha, na mwaka ule vya kufurahisha vilikuwa vichache.

Maana mwaka ule serikali ya kule ilituona sisi Wakenya kama majasusi, tukatembea kwa kunyata. Wanaume wawili wa uani kwetu, wote wa Nyanza, walitoka asubuhi kwenda kazini wasirudi, na hakuna aliyethubutu kwenda kuuliza. Cleopas alikuwa mtunza stoo kwa mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa maduka wa Kikuubo. Kila akichelewa kidogo mimi nasimama dirishani. Aliniambia, "Mama, tukae kama hatupo." Mimi nikaitikia, kisha nikaenda sokoni kupayuka.

Jumatano yenyewe Erinayo alikuja na kitu kipya. Alikuwa amechukua boksi la katoni, akalikata upande, akaandika kwa wino mweusi, herufi kubwa kama mkono. Alitaka kina mama waone kwa macho, hata wakisahau maneno. Alilificha mgongoni mpaka mwisho wa somo, kama mtu aliyeleta zawadi. Kisha akalinyanyua juu ya kichwa.

ASKARI WAMECHOKA. DAWA NI KURA.

Alimaanisha kula. Kula chakula. Kila mtu aliyekuwa amesimama pale alijua anamaanisha nini, na wengi wao hata kusoma hawakujua. Lile boksi lingeshushwa, lingewashwa moto jikoni kwa mtu, yangekwisha. Lakini mimi nilikuwepo, na mdomo wangu ulikuwepo.

"Kura!" nilipiga kelele, nacheka, napiga meza kwa kiganja. "Jamani njooni muone! Daktari anataka tupige kura!"

Soko zima likanyamaza. Sijawahi kusikia Kalerwe ikinyamaza vile. Mwanamke aliyekuwa akipima maharagwe aliacha kikombe hewani. Hapo ndipo na mimi nikajisikia nilichosema. Katika nchi ile, mwaka ule, chini ya jenerali aliyejiita rais wa maisha, hilo lilikuwa neno la kunong'ona chumbani kwako, na hata huko uangalie dirisha. Nami nilikuwa nimelitangaza kama mwadhini.

Mwanamume mwenye miwani myeusi, aliyekuwa akinunua ndizi mbivu meza ya tatu kutoka kwangu, aliweka ndizi chini bila kuzichukua. Akaondoka haraka. Nikamwambia Erinayo, "Kimbia." Akaniuliza, "Kwa nini? Nimekosea tena?" Alikuwa bado ameshika boksi lake juu.

Walikuja wanne kwa Land Rover kabla kina mama hawajamaliza kutawanyika. Hawakuuliza jina. Walimchukua yeye na boksi, mmoja akamchapa kofi la mdomo kwa sababu alijaribu kusalimia. Mimi niliyepiga kelele hakuna aliyenigusa. Nilisimama pale na mafungu yangu ya dodo.

Nilikusanya mboga zangu nikakimbia nyumbani. Cleopas alikuwa amekuja kula mchana. Nikamweleza yote. Alisikiliza, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akashika kichwa.

"Usiende," alisema.

"Sijasema naenda."

"Nakujua. Usiende. Wewe ni Mkenya, mama. Ukiingia kule na lafudhi hiyo yako, hawatauliza swali la pili."

Alisema kweli, na nilimkubalia. Nilikaa nikachambua mchele uliokuwa umekwisha chambuliwa. Saa saba na nusu ikabishwa hodi, nikaruka kama mwizi. Alikuwa Santina, mke wa polisi mmoja anayeitwa Okullo, Mwacholi, mteja wangu. Mwanawe alikuwa ameponea chupuchupu na surua mwezi uliopita, kwa uji wa karanga na mayai aliyoambiwa na Erinayo ampe, wakati majirani wote walimwambia ampe chai ya rangi tu.

"Mama Mombasa," alisema, hakutaka hata kukaa. "Okullo yuko zamu kule kituoni. Anasema daktari bado yuko pale, na sajini Abudu. Lakini saa kumi gari nakuja kuchukua yeye. Okullo anasema akishapanda hiyo gari, basi."

"Basi nini?" nikauliza, kama mjinga.

Alisema, "Sisi tukienda kusema, tunaharibu. Sisi ni Wacholi, serikali nashuku sisi siku zote. Watasema tumepanga pamoja. Wewe unajua Kiswahili. Wewe unaweza eleza."

Nilimtazama Cleopas. Cleopas alitazama ukuta. Kisha akainuka, akanipa kitenge changu cha kujitanda, na nikajua ameogopa kuliko mimi.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ndogo ya mabati nyuma ya barabara kubwa. Okullo alikuwa mlangoni. Alijifanya hanijui, akaniuliza shida yangu kwa ukali, akaniingiza. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika kumi.

Sajini Abudu alikuwa mtu mnene, mwenye Kiswahili cha kambini na sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto. Afadhali angefoka. Lile boksi lilikuwa juu ya meza yake, na pembeni daftari. Erinayo alikuwa ameketi sakafuni, mdomo umevimba, shati limechafuka damu kifuani. Aliponiona alitikisa kichwa kidogo sana, kama anayesema, rudi.

"Wewe nani?" sajini aliuliza.

"Muuza mboga, afande. Huyu anafundisha mbele ya meza yangu. Nimekuja kueleza, maana kuna makosa."

"Sawa. Eleza. Soma kwanza."

Nikasoma lile boksi kwa sauti.

"Nani nasema askari amechoka?"

"Si askari hao, afande. Ni askari wa mwili. Wa ndani."

"Ya ndani." Akaandika kwenye daftari, polepole. "Kumbe iko askari ya ndani. Wako wangapi?"

Mungu wangu! "Afande, wako kwenye damu. Hata kwako wamo. Wanapigana na surua. Mtu akila vizuri, akilala vizuri, wanapata nguvu. Asipokula, wanachoka. Ndiyo maana yake. Hapo alitaka kuandika kula, kula chakula. Amekosea herufi moja tu. Waganda, afande, unawajua, hizi herufi mbili zinawachanganya."

Nilidhani nimemaliza kazi. Sajini aliweka kalamu chini, akanitazama kwa utaratibu.

"Mimi nakaa na Baganda miaka kumi na mbili," alisema. "Bibi yangu ya pili ni Muganda. Muganda nakosa r. Kila siku naweka l. 'Lete chakula' nasema vizuri kabisa, hapana kosa. 'Kula' hawezi kosa, hiyo ni l yake. Sasa huyu," akagonga boksi kwa kidole, "ameandika r. Muganda anaandika r kwa makosa namna gani? Huyu hakukosa. Huyu alichagua."

Nikakosa la kusema. Mimi, Aoko! Kwa sababu mtu yule alikuwa amesema kweli tupu. Erinayo wa miezi miwili nyuma angeandika KULA bila kufikiri, akaenda zake nyumbani. Ile herufi haikuwa yake. Mimi ndiye niliyemtilia mdomoni.

"Nani alifundisha yeye hiyo r?" sajini aliuliza.

Nilisikia saa ya ukutani. Nilimfikiria Cleopas, na wale wawili wa uani kwetu, na vyombo vyao ambavyo mwenye nyumba aliviuza. Nilijua jibu na sikulitoa. Nasema wazi, sikulitoa.

"Hakuna, afande," Erinayo alisema kutoka sakafuni. "Nirijifunza mwenyewe."

Niri. Hata akinikinga mimi alikuwa akisema kwa herufi yangu. Niliona aibu iliyonichoma mpaka masikioni. Kichwa chini, mdomo umevimba, na bado alikuwa akinifichia siri. Na mimi mzima, nimesimama, nimejitanda kitenge.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Mimi nilimfundisha. Nilikuwa namcheka, akaniomba nimfundishe, nikamfundisha. Sasa anaiweka kila mahali. Anasema chakura. Anasema rara badala ya lala. Muulize mtu yeyote Kalerwe."

Sajini aliichukua tena kalamu. "Wewe si mutu ya hapa. Hiyo Kiswahili ya wapi?"

"Mombasa, afande."

"Mukenya." Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mukenya nafundisha Muganda kusema kura."

Akilisema vile, hata mimi ningejikamata.

Alitazama saa. Ilikuwa saa tisa na nusu na ushee. "Vizuri. Wewe mwalimu. Fundisha sasa, mimi nasikia. Aseme kula, kwa l, mara tatu. Kama ni mutu ya makosa, atarudi kwa l yake. Akisema, nyinyi naenda nyumbani. Akisema kura, gari ikija napanda wote wawili."

Nilipiga magoti mbele ya Erinayo. Karibu naye nilinusa damu. "Daktari," nikasema, "ni rahisi. Ni ile yako ya zamani. Sema kula."

"Kura," alisema.

"La la la. Ulimi juu, usitetemeke. Kula."

"Kura."

"Sahau yote niliyokwambia! Ile pikipiki izime! Kula."

Alifumba macho. Niliuona ulimi wake ukihangaika kati ya meno. Mdomo ulikuwa umevimba, na mwili mzima ulimtetemeka, na ulimi nao. "Ku," alisema. "Ku... ra." Akafungua macho, yamejaa machozi. Alijua amekosea. Hapo alikuwa anazisikia herufi zote mbili, lakini hakujua tena ipi ni ipi. Nilikuwa nimeivuruga nyumba yake, nikamwambia apite gizani bila kugonga kiti.

Tulirudia sijui mara ngapi. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamshika shavu. Sajini alikuwa anachokonoa meno. Kisha nje, mbali kidogo, tukasikia gari linabadilisha gia kwenye mlima. Okullo mlangoni akasimama wima.

Ndipo nikaacha kumwambia aseme kula. Sijui wazo lilitoka wapi, labda nilichoka tu na Kiswahili changu. Nilimwuliza, "Daktari, nyumbani kwenu, mama yako akipakua ndizi zenu za matooke, anawaita mje kufanya nini?"

Akanitazama kama hakuelewa.

"Kwa Kiganda. Mje kufanya nini?"

"Okulya," alisema.

Okulya. Ilitoka laini, bila kuhangaika, kama mtu anayevua viatu mlangoni kwake.

"Tena."

"Okulya."

"Acha hiyo o ya mbele."

"Kulya."

"Tena, usifikirie mimi. Mfikirie mama yako."

"Kulya. Kula." Akashtuka, akajishika mdomo. "Kula. Kula. Kula chakula!"

Sajini aliacha kuchokonoa meno. "Na ile ingine?" aliuliza haraka, kama anayetega. "Ile ya kuchagua mutu. Kwa Luganda nasemaje?"

"Akalulu, afande," alijibu Erinayo.

Sajini alizisema zote mbili mwenyewe, chini kwa chini. Okulya. Akalulu. Akazirudia: l tupu, r haimo hata moja. Nadhani alikuwa anamsikia mke wake wa pili, sijui. Hakucheka. Alichana ukurasa wa daftari, akaukunja, akautia mfukoni, na sijui mpaka leo kama aliuchoma au aliupeleka kwa mtu.

"Toka," alimwambia Erinayo. Kisha akaninyooshea kalamu. "Wewe, Jumamosi nikipita Kalerwe, nisione wewe. Wala bwana yako. Rudi kwenu, fundisha watu wa kwenu."

Tulipishana na lile gari getini. Tuliinamisha vichwa tukapita, Erinayo ameshika kifua cha shati lake kuficha damu, mimi nikihesabu hatua. Hakuna aliyetuita. Tulifika barabarani penye watu, nikakaa pale pale ukingoni mwa mtaro.

Jumamosi. Siku mbili za kufunga miaka tisa. Cleopas asingenilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lingeniumiza zaidi.

Erinayo alichuchumaa mbele yangu. Akanishukuru, kwa Kiganda. Alisema mengi, kwa utulivu, na yote yalikuwa Kiganda. Nilielewa "webale nnyo", asante sana, ambayo hata mtoto wa sokoni anaijua. Yaliyobaki yalinipita. Nilisubiri arudi kwenye Kiswahili, na nikaona kwamba hatarudi. Si siku ile, labda si tena.

Na mimi nilikuwa na neno moja la kumwambia, basi. Nikatafuta kichwani. Kwa Kiganda nilijua bei, nilijua kilo, nilijua nyanya na vitunguu, nilijua kugombana na mteja. Miaka tisa katika mji wao, nimemcheka mtu kwa lugha yangu wiki baada ya wiki, na kwa lugha yake sikujua hata kuomba radhi.

"Daktari," nikasema, "samahani kwa Kiganda mnasemaje?"

Akaniambia. Nikalijaribu, nikalikosea vibaya, nikalijaribu tena, nikalikosea upande mwingine. Watu walikuwa wanapita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalirudia polepole ili nilishike, wala hakucheka.